Dawa Iumizayo: Je, Yatupasa Kuivumilia?

Swali tunalotaka kulichungua mwezi huu si jipya, ila watu wengi hulikimbia, maana lina pande mbili na kila upande una haki yake. Mtu ana ugonjwa usioondoka. Amepewa dawa. Dawa ile yamsaidia, wala hapana shaka kwamba yamsaidia. Lakini pamoja na msaada wake yamletea taabu ambazo hakuwa nazo zamani: kichefuchefu, kucha kuwa nyeusi, nywele kupungua, na hofu juu ya uzazi. Je, yampasa kuivumilia? Na kama yampasa, avumilie mpaka wapi? Tena, ni nani mwenye haki ya kumwambia, Vumilia: ni daktari, ni mzazi, ni jirani, au ni yeye mwenyewe peke yake?

Hatupendi kulijibu swali hili juu juu, kama watu wasemao habari za njaa hali wameshiba. Kwa hiyo tumechagua ugonjwa mmoja ujulikanao katika vijiji vyetu, yaani selimundu, na dawa moja itumikayo kwa ugonjwa huo. Kwanza tutaeleza mambo yalivyo, maana mtu asiyejua uzito wa mzigo hawezi kusema kama mchukuzi amechoka bure. Ndipo tutakapoyapima.

Damu ya mtu ina chembe nyekundu nyingi mno, zisizoonekana ila kwa hadubini. Kazi yake ni kuchukua oksijeni, yaani ile hewa njema, kutoka mapafuni na kuieneza mwilini mwote. Chembe ya mtu mwenye afya ni ya mviringo na laini, nayo hupita katika mishipa myembamba bila kukwama. Chembe za mwenye selimundu, zikiisha kuitoa hewa ile, hujikunja, zikawa ngumu na kupata umbo la mundu. Na hilo ndilo asili ya jina lake. Chembe za namna hii hunasana katika mishipa midogo na kuziba njia, na mahali palipozibwa huuma sana, kama ni mifupani, kifuani au tumboni. Tena chembe ya mtu mzima wa afya huishi kadiri ya siku 120, lakini hizi huishi siku 10 au 20 tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa na damu, na macho yake huwa ya manjano.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala hauletwi na uchawi. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Si kwa mama peke yake, kama wasemavyo watu wengine wakitafuta sababu ya kumfukuza mke. Wazazi wenyewe waweza kuwa wazima kabisa, maana kila mmoja amechukua nusu tu ya urithi ule. Na nusu ile ina siri yake: mwaka 1954 mtaalamu A. C. Allison, baada ya kazi aliyoifanya katika Afrika ya Mashariki, alionyesha kwamba mtoto mwenye nusu hukingwa kwa sehemu na malaria kali. Basi mahali palipokuwa na malaria nyingi, urithi huu ulikaa ukazidi. Kwa sababu hiyo Nigeria, Kongo, India na Tanzania hutajwa mbele miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wazaliwao na selimundu. Wazee wetu waliyajua maumivu haya muda mrefu kabla ya mwaka 1910, wakati daktari James Herrick wa Chicago alipoandika habari za chembe zenye umbo la mundu alizoziona katika damu ya kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada. Waliyajua kwa makaburi madogo.

Sasa tutazame dawa. Jina lake ni haidroksiyurea. Ilitengenezwa kwanza na wataalamu wa Ujerumani mwaka 1869, ikakaa muda mrefu bila kazi kubwa. Katika miaka ya 1960 ilianza kutumika kwa saratani fulani, na hasa saratani za damu. Baadaye wataalamu waliona kwamba yafaa kwa selimundu pia, na sababu yake ni ya ajabu. Mtoto akiwa tumboni mwa mamaye, chembe zake zina damu ya namna nyingine, isiyojikunja. Akiisha kuzaliwa, damu ile ya utotoni hupungua mwezi kwa mwezi na damu ya ukubwa huchukua mahali pake. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huonekana mzima katika miezi yake ya kwanza. Haidroksiyurea huiamsha tena ile damu ya utotoni, hata chembe zisijikunje upesi. Haiuondoi ugonjwa, bali huupunguzia makali.

Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa kwa watu wazima 299 huko Marekani na Kanada, na maumivu makali yalikuwa yamepungua karibu kwa nusu. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliiruhusu dawa hii kwa watu wazima wenye selimundu. Lakini kwetu Afrika madaktari walikuwa na mashaka. Walisema, Dawa hii hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Je, mahali penye malaria na homa nyingi, haitawaua watoto badala ya kuwaponya? Swali lao lilikuwa la haki. Lilijibiwa kwa kazi, si kwa maneno. Kwanza walijaribu Uganda kwa uangalifu, na matokeo yalitolewa mwaka 2017: malaria haikuzidi. Kisha ikafuata kazi kubwa zaidi katika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Watoto 606 wenye umri wa mwaka 1 hadi 10 walipewa dawa hii. Kabla ya dawa, kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, maumivu makali yalitokea kama mara 98. Walipokuwa wakitumia dawa yalitokea kama mara 45. Malaria, iliyokuwa kama mara 47, ikawa kama mara 23. Haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vikapungua pia. Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hii katika orodha ya dawa za lazima.

Hayo ndiyo mema yake. Lakini hatutakuwa wa kweli tusipoyasema maudhi yake pia. Dawa hii hupunguza kasi ya kiwanda cha damu kilichomo ndani ya mifupa. Kwa hiyo chembe nyeupe zaweza kushuka kupita kiasi, na vile vigandisha damu vivyo hivyo. Ndiyo maana mgonjwa hana budi kupimwa damu mara kwa mara, hasa katika miezi ya kwanza. Chembe zikishuka mno, daktari huisimamisha dawa kwa muda, damu ikapanda tena, kisha akaianza kwa kipimo kidogo zaidi. Wengine hupata kichefuchefu. Wengine huona kucha na ngozi zikipata weusi, na nywele zikipungua. Kwa wanaume yaweza kupunguza mbegu za uzazi. Mwanamke huambiwa azungumze na daktari kabla ya kutafuta mimba, maana dawa hii yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mtu akisikia kwamba ni dawa iliyotumika kwa saratani, moyo wake huruka kabla hajaionja.

Basi, haya yote mawili yawekwe katika mizani. Na hapa ndipo tunapokutana na neno la kwanza la kufikiri. Maudhi ya dawa huonekana, lakini faida yake haionekani. Kucha nyeusi huonwa na watu wote sokoni. Kichefuchefu huja asubuhi, na mgonjwa hukihesabu. Lakini ni nani awezaye kuyahesabu maumivu ambayo hayakuja? Ni nani atakayesema, Usiku wa jana ningelia mpaka alfajiri, lakini sikulia? Jambo lisilotokea halina shahidi. Lafanana na kazi ya mlinzi wa shamba akeshaye dunguni. Nguruwe wakija akawafukuza, watu humsifu. Wasipokuja kwa sababu wamesikia sauti yake, watu husema, Mbona hapana nguruwe huku, yule anakesha kwa nini? Humwondoa mlinzi, na baada ya siku chache huamka wakakuta mahindi yamelala chini.

Ndivyo wafanyavyo watu wengi kwa dawa hii. Mtoto amekaa miezi sita bila kulazwa, na mzazi asema, Sasa amepona, ya nini kumwudhi na vidonge? Miezi ile sita siyo dalili kwamba dawa haina kazi tena. Ndiyo kazi yake yenyewe. Mtu atakaye kupima kwa haki asiyalinganishe maudhi ya leo na afya ya leo, maana afya ya leo imetoka katika dawa. Ayalinganishe na vile alivyokuwa kabla ya kuianza. Kwa hiyo twawashauri wazazi waandike katika daftari: siku za maumivu, siku za kulazwa, siku za kukosa shule, na siku za maudhi pia. Kumbukumbu ya mtu hupendelea kilicho karibu. Daftari halipendelei.

Neno la pili ni juu ya uvumilivu wenyewe. Sisi Wakristo twausifu uvumilivu, na twafanya vema. Lakini watu wengi huuchanganya na kunyamaza, wakadhani kwamba mgonjwa mwema ni yule asiyesema kitu. Hii ni hatari. Kuvumilia ni kuendelea katika njia njema ijapokuwa ina miiba. Kunyamaza ni kuficha mwiba uliomo mguuni mpaka mguu uoze. Wahenga walisema, Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wao walinena juu ya maradhi, nasi twaongeza kwamba afichaye maudhi ya dawa yumo katika njia ile ile.

Kwa kweli taabu za dawa si za namna moja, wala hazitaki jibu moja. Ziko zinazotaka uvumilivu, kama kucha kuwa nyeusi. Weusi huo haumli mtu, wala haumpunguzii siku zake. Humpunguzia uzuri wake kidogo machoni pa watu, basi. Ziko zinazotaka kusemwa ili zipunguzwe, kama kichefuchefu. Wengine daktari huwabadilishia saa ya kumeza, wakameza usiku wakati wa kulala, na taabu ikawa ndogo. Ziko zinazotaka mbio: homa, kutokwa na damu kusikokatika, vidonda vya kinywani, uchovu mkubwa wa ghafula. Homa kwa mwenye selimundu haingoji kesho, ikiwa anatumia dawa hii au hatumii. Na ziko zinazotaka shauri la polepole, kama mambo ya uzazi. Mtu anayevumilia homa amekosea kama vile anayeiacha dawa kwa sababu ya kucha. Wote wawili wamekosa kupambanua, na uvumilivu usio na kupambanua si fadhila.

Labda msomaji mmoja atasema, Maneno haya ni mepesi kwa asiyemeza. Atakuwa amesema kweli, na mithali iko upande wake: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu mzima asiidharau kucha ya kijana. Msichana wa miaka 16, ambaye tayari ni mwembamba kuliko wenzake na macho yake ni ya manjano, akiongezewa alama nyingine mwilini, huona kwamba dawa imemtangaza. Kumwambia kwamba ni jambo dogo si kumfariji, ni kumfungia mlango asiseme tena. Afadhali tumwambie, Ni taabu ya kweli, nasi twaiona. Tena twaona kwamba mwaka huu umekosa siku chache za shule kuliko mwaka jana. Basi haya mawili yapime wewe pamoja nasi.

Hapo tumefika kwenye neno la tatu, yaani ni nani mwenye haki ya kupima. Mithali yetu husema, Mgonjwa haulizwi uji. Ni mithali njema kwa uji. Uji hauna madhara, nao wafaa kila mgonjwa. Anayemwuliza kwanza labda hana nia ya kuupika. Lakini dawa si uji. Dawa yenye faida na madhara, itakayomezwa kila siku kwa miaka mingi, yataka mwenye kuimeza aulizwe, maana yeye ndiye atakayelipa gharama yake mwilini mwake. Asipoulizwa atajibu kwa njia nyingine: atakiweka kidonge chini ya ulimi, na mtu akigeuka atakitema.

Tena kuna daraja za umri. Mtoto mchanga hawezi kuulizwa. Wazazi humchagulia, na yawapasa wamchagulie kama watu watakaotoa hesabu. Mtoto wa shule aelezwe kadiri ya akili zake. Akiujua ugonjwa wake na sababu ya kidonge, huwa mlinzi wa mwili wake mwenyewe. Mtu mzima aliyeelezwa yote, mema na mabaya, ana haki ya kuamua. Tuseme kuna kijana aliyeoa, atakaye watoto, naye amekwenda kwa daktari pamoja na mkewe, wakasikia yote, wakakubaliana kuisimamisha dawa kwa kitambo chini ya uangalizi. Hatuwezi kumwita mwoga wala mpumbavu. Amechagua kati ya mema mawili, naye amechagua mchana, mbele ya wanaomtunza.

Lakini si vivyo hivyo kwa baba anayemwachisha mwanawe dawa kwa sababu majirani wamesema. Baba huyo hakumpimia mtoto, amejipimia mwenyewe. Amenunua heshima yake barazani, na bei yake italipwa na mtoto kwa maumivu ya mifupa. Haki ya mzazi kumchagulia mtoto yasimama juu ya jambo moja tu, nalo ni kwamba atamtafutia mtoto mema. Akianza kujitafutia yake, haki ile imemtoka, ijapokuwa mkono wake ungali umeshika chupa ya dawa.

Neno la nne ni kweli. Watu wengi huacha dawa kwa siri, kisha siku ya kliniki husema kwamba wanameza kila siku. Hudhani wamemdanganya daktari tu, tena kwa jambo dogo. Tufikiri vizuri. Daktari hukipima kipimo cha dawa kwa kuitazama damu. Akiona kwamba damu haikubadilika, naye ameambiwa kwamba mtoto anameza, atafikiri nini? Atafikiri kwamba kipimo ni kidogo, naye atakiongeza. Mtoto akirudi nyumbani, bibi yake akampa dawa ile mpya kwa uaminifu, sasa atapata nyingi kuliko mwili wake ulivyohitaji. Hivi uongo wa mmoja umeupotosha wema wa mwingine. Ubaya wa uongo ndio huu: huugeuza mkono wa rafiki kuwa mkono wa adui, naye rafiki hana habari.

Lakini tusiitwike lawama yote kichwa cha mgonjwa. Watu hudanganya zaidi mahali ambapo kweli huadhibiwa. Mama ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Amefika na kusema, Vidonge viliisha wiki mbili zilizopita, sikuwa na nauli. Akikemewa mbele ya watu, akaambiwa kwamba hampendi mwanawe, mwezi ujao atasema nini? Atasema, Tunameza vizuri. Aliyemkemea amemfundisha kusema uongo, ijapokuwa alidhani anamfundisha utii. Basi wajibu wa kusema kweli una mwenzake, nao ni wajibu wa kuipokea kweli bila fimbo. Viwili hivi ni kama jozi ya viatu: kimoja peke yake hakimfikishi mtu safari.

Neno la tano lawahusu majirani, na sisi walimu tumo. Mara nyingi mgonjwa haishindwi dawa yenyewe, bali yale yanayoizunguka. Kipimo cha damu kiko mbali, na nauli ni fedha. Mtu aweza kuuliza, Je, ni halali kumeza dawa bila kupimwa, kwa kuwa sina nauli? Jibu la tabibu ni kwamba kupima ni sehemu ya dawa. Anayemeza bila kupimwa anakwenda gizani njia ya ukingoni mwa bonde. Lakini jibu la kijiji ni jingine: kwa nini tumemwachia nauli ile mtu mmoja? Kijiji hukusanya fedha za arusi na za matanga bila kuitiwa mara mbili. Twachanga vema kwa mtoto aliyekwisha kufa. Tungechanga mapema, labda matanga yasingekuwapo. Neno hili ni gumu, nasi twalisema kwa huzuni wala si kwa dharau, maana desturi ya kuchanga twaipenda. Twataka tu ianze kabla ya jeneza.

Kwa walimu wenzetu twasema hivi. Mtoto mwenye selimundu anahitaji kunywa maji mengi, naye huenda msalani mara nyingi. Kumnyima ruhusa ni kumtafutia maumivu. Baridi na kazi ya kupita nguvu humdhuru. Tena akikosa shule kwa ajili ya kliniki, asihesabiwe mtoro. Siku ile ya kupimwa ndiyo inayomlinda asikose mwezi mzima. Na watoto wakimcheka kwa kucha zake, mwalimu asinyamaze. Mara nyingi dhihaka ndiyo inayoitupa dawa jalalani.

Liko neno moja la mwisho, nalo hatuwezi kuliruka, maana husemwa na watu wema. Husema, Dawa ikiumiza, ni ishara kwamba Mungu hakupenda itumike, iache, uombe. Sala ni njema, wala hatumzuii mtu. Lakini na akumbuke habari ya Msamaria aliyemwokota yule mtu aliyepigwa njiani. Alimtia divai na mafuta katika majeraha yake. Mafuta hutuliza, lakini divai huchoma. Yule majeruhi huenda alipiga kelele ilipomgusa. Walakini hakuna asomaye habari ile akamhesabu Msamaria miongoni mwa wanyang'anyi. Uchungu peke yake hauonyeshi kama mkono ni wa adui au wa rafiki. Lakini tuangalie tena: Msamaria hakumtia divai akaenda zake. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kulala, akamtunza, akaacha fedha, akaahidi kurudi. Aliyemchoma alikaa naye. Hapo ndipo ilipo tofauti.

Basi sasa twaweza kulijibu lile swali. Je, yatupasa kuivumilia dawa iumizayo? Yatupasa, ikiwa mema yake yamepimwa na kuonekana kuwa makubwa kuliko maumivu yake. Ikiwa mwenye kuimeza ameelezwa na kusikilizwa. Na ikiwa wamwambiao, Vumilia, wako tayari kuchukua sehemu ya mzigo. Masharti haya matatu yakitimia, uvumilivu ni hekima. Likipungua la kwanza, uvumilivu ni ujinga. Likipungua la pili, ni utumwa. Na likipungua la tatu, mgonjwa aweza kuvumilia bado, naye atakuwa amefanya vema. Ila aibu itakuwa juu yetu.

Ndugu zetu wasomaji, ikiwa katika nyumba yako yuko mwenye ugonjwa huu, usimwanzishie dawa hii kwa kusikia, wala usimwachishe kwa kusikia. Nenda ukaulize, ukapimishe. Maudhi uyaonayo yaandike, uyaseme yote kwa anayewatibu, hata yale ya aibu. Homa ikija, ondoka siku ile ile. Na wewe ambaye nyumba yako ni nzima, usiulize tu, Mgonjwa hajambo? Uliza pia, Siku ya kupimwa ni lini, na nauli ipo?